Jibu la Kimeng'enya Likiwa Nje ya Kiwango, Angalia na Ulichorithi

Zile namba mbili zilizo kando ya jibu lako la kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini) hupatikana kwa kupima watu wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 walio katikati. Kwa hiyo, katika kila watu 20 wazima, mmoja huangukia nje bila ugonjwa wowote. Kama waliopimwa wana asili tofauti na yako, ndiyo kabisa.

Kinachosumbua zaidi ni CK, kimeng'enya cha misuli. Watu wenye asili ya Afrika, hasa wanaume, kwa kawaida wana CK ya juu kuliko wenye asili ya Ulaya. Wakilinganishwa na kiwango kisichowahusu, huishia kuachishwa dawa ya kolesteroli bila sababu, ikidhaniwa inaumiza misuli. Suluhisho ni kupima CK kabla ya kuanza vidonge hivyo, na kuitunza karatasi hiyo: utajilinganisha na wewe mwenyewe. Ukirudia kipimo, pumzika mazoezi mazito siku 7 na uepuke sindano ya msuli. Ila misuli ikiuma na kulegea huku mkojo ukiwa wa kahawia, usihesabu siku, nenda hospitali.

ALP, kimeng'enya kinachopimwa kuchunguza ini, nayo ina vituko vyake. Wengi wa kundi la damu O au B huimwaga kutoka utumboni baada ya mlo wenye mafuta, na ini hulaumiwa bure. Rudia asubuhi, baada ya kukaa muda wa saa 12 bila kula.

G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, ni mtego wa aina nyingine, kwa sababu hapa kinachodhuru ni jibu zuri. Aliyerithi upungufu wake, seli nyekundu zikianza kuvunjika, zile kuukuu zisizo na kimeng'enya ndizo hufa kwanza. Zinazobaki ni changa, zenye kimeng'enya kingi, na kipimo husoma kawaida. Subiri kama miezi 3 ndipo upime, vivyo hivyo baada ya kuongezewa damu. Wanawake wawe waangalifu zaidi: jeni hii iko kwenye kromosomu X, hivyo mwenye nakala moja mbovu anaweza kuwa na asilimia 30 hadi 70 ya nguvu ya kawaida ya kimeng'enya, na kipimo cha haraka cha ndiyo au hapana kikampitisha. Kabla ya kumeza tafenokwini, dawa ya malaria inayoweza kuvunja damu ya mwenye upungufu huu, omba kipimo kinachotoa namba. Inatakiwa izidi asilimia 70.