Kabla hujanunua glavu nyingine

Wiki hii maswali karibu yote ni ganzi ya mikono kwa waendesha baiskeli. Nimechagua matano.

Shikamoo fundi. Nikipanda barabara ya Chunya, kabla ya kufika juu kidole kidogo na cha pete vimeshakufa ganzi. Ninunue glavu gani? (Msomaji, Mbeya)

Marahaba. Glavu, glavu, glavu! Kila mwezi naulizwa hili, na hakuna hata mmoja anayetaja siti yake ilivyokaa. Mshipa wa fahamu wa vidole hivyo viwili unapita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, pembeni ya kale kamfupa unakokagusa ukibonyeza chini ya kiganja. Pale hauna nyama ya kuukinga. Ukiuegemea muda mrefu, unazima. Glavu yenye jeli itapunguza makali, ila mzigo bado uko palepale.

Azima pimamaji kwa fundi ujenzi, ilaze juu ya siti. Nina hakika pua ya siti imeinama mbele, hivyo unateleza na mikono inafanya kazi ya kukurudisha nyuma. Isawazishe. Kama hendeli iko chini sana, ipandishe kidogo. Halafu tazama upepo: tairi pana za mlimani zenye tyubu, kwa mtu wa kilo 70, anza na paundi 30 hivi, kisha ongeza au punguza kulingana na njia. Vijana wa pampu wanajaza mpaka tairi lilie kama ngoma, na kila kokoto unalipokea kiganjani.

Kuzungushia tyubu kuukuu kwenye hendeli kunasaidia? (Tukuyu)

Hapana. Hendeli ikinenepa, mkono unakaza zaidi ili kuishika.

Nateremka kona za Hamsini na Saba kutoka Matamba kwenda Chimala. Nikifika chini mikono yote haina hisia. Tatizo ni shokapu? (Chimala)

Shokapu ngumu inachangia, lakini naamini unashuka umekaa, viwiko vimenyooka, vidole vinne kwenye breki. Simama kwenye pedali, uzito uhamie miguuni, viwiko vikunje. Breki ya diski iliyo sawa inatosha kidole kimoja. Legeza klempu za breki, uziinamishe mpaka mkono, kifundo na kidole viwe mstari mmoja ukiwa umesimama. Kifundo kilichopinda juu ndicho kinachobana mshipa wa gumba na vidole vinavyolifuata.

Na simama njiani! Mimi mwenyewe niliwahi kujifanya mwamba nikashuka bila kupumzika. Chini nilishindwa kufungua zipu ya mfuko nimlipe mama wa ndizi. Akaifungua yeye, akahesabu hela mwenyewe. Mkono usiohisi zipu hauhisi breki.

Nilipewa vidonge vya neva duka la dawa. Niendelee? Usiku pia vidole vinawaka. (Iringa mjini)

Nani alikupima? Vidonge havinyanyui hendeli. Ganzi inayoisha dakika chache baada ya kushuka ni ya baiskeli. Inayokuamsha usiku, inayobaki siku nzima, au inayokufanya uangushe kikombe, hiyo ni ya daktari, na mwambie akupime sukari pia. Achana na baiskeli mpaka umwone. Na wewe wa Njombe uliyeandika kwamba Julai vidole vinakuwa vyeupe vyote kumi: hiyo ni baridi, damu imejificha. Vaa glavu zinazozuia upepo, na ukinge kifua, maana mwili ukipoa ndio unaovinyima vidole damu.

Kaka, nimenunua ya mtumba kutoka Japani, fremu kubwa, hendeli naifikia kwa kujinyoosha. Mikono inaganda. (Mafinga)

Tafuta shingo fupi ya hendeli, na siti isogeze mbele kidogo tu, usije ukahamishia maumivu magotini. Ikishindikana, fremu si yako, iuze. Na hapana, sina mteja.