Duka linauza ila hela haionekani, je kijana wa dukani ananiibia?

Swali: Shikamoo mhasibu. Nina duka la rejareja Kihonda, Morogoro, lina miezi nane sasa, ndo biashara yangu ya kwanza. Nilianza na mzigo wa milioni 4, fremu nililipia pembeni miezi sita. Nauza wastani wa 180,000 kwa siku ukijumlisha na za mkopo, lakini rafu zinazidi kuwa wazi na nikienda kuchukua mzigo hela haitoshi. Nimehesabu mzigo uliopo kwa bei ya kununulia, unakuja milioni 2.7, na droo na simu kuna 150,000. Dukani nimemweka mtoto wa wifi yangu, namlipa 150,000 kwa mwezi. Nahisi ananiibia, nimtoe?

Jibu: Marahaba dada. Usimtoe kwanza. Asante kwa picha za daftari na ile orodha ya bei, bila hizo ningekuwa nabahatisha tu.

Tuanze na sukari maana ndo inayokudanganya zaidi. Umeandika mfuko wa kilo 50 unanunua 135,000, unauza kilo 3,000, kwaiyo faida elfu 15. Sasa bajaji ya kuuleta umelipa 3,000, hapo mfuko umekugharimu 138,000. Alafu ukishaufungua ukapima robo robo na nusu nusu hutoi kilo 50, kila ukipima mzani unazidi kidogo, nyingine inamwagika, nyingine imebaki kwenye kona za mfuko, sema utoe kilo 49. Hapo umeuza 147,000. Faida yako ni 9,000, sio 15,000, na ni kama shilingi 6 tu kwenye kila 100 uliyouza. Sabuni, biskuti na vitu vya urembo vina faida nzuri kidogo, soda iko katikati, ila vinavyotembea sana dukani kwako ni sukari, unga, mchele na mafuta ya kula. Nimechanganya vyote kwa uzito wa mauzo yako nikapata kama asilimia 12. Ni makadirio, lakini hayako mbali.

Basi 180,000 kwa siku mara siku 30 ni 5,400,000, na asilimia 12 yake ni 648,000. Hiyo ndo hela ya duka kwa mwezi. Ile nyingine yote ni ya mzigo, inapita tu mkononi kwako kwenda kwa wa jumla, na ndo hapa watu wengi wanapopotea mwaka wa kwanza, anaona droo imejaa jioni anajiona ana hela.

Tutoe sasa kwa miezi nane yote. Faida ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama za duka, 648,000 mara 8 ni 5,184,000. Kijana 150,000, luku na taka kama 50,000, jumla 200,000 kwa mwezi, miezi nane 1,600,000. Fremu ulivyolipia mwanzo ukaisahau kabisa, ila mwezi wa sita mwenye nyumba amekuja ukampa 720,000 kutoka kwenye droo. Na nyumbani: umeniandikia mwenyewe elfu 10 ya matumizi kila asubuhi, plus unga, mafuta na sabuni zinazotoka rafuni bila kuandikwa, umekadiria jumla 15,000 kwa siku. Mara 30 mara 8 ni 3,600,000. Dada, hiyo ni mara tatu ya alicholipwa kijana kwa kipindi chote.

Jumla iliyotoka ni 5,920,000, iliyopatikana ni 5,184,000, pengo 736,000. Ongeza madeni ya majirani, daftari linasema 380,000 hazijarudi. Hapo ni 1,116,000. Toa kwenye milioni 4, nilitegemea ukute mzigo na hela za 2,884,000, na wewe umekuta 2,850,000. Kinachokosekana ni elfu 34 kwa miezi nane! Kwa kuwa asilimia ni ya kukadiria siwezi kuapa hakuna hata mia iliyochukuliwa, ila mwizi wa kumaliza rafu kwenye hizi hesabu simuoni. Unakula mtaji, na unaukula kidogo kidogo ndo maana huusikii.

Cha kufanya, jipangie mshahara. Ukitoa gharama na fremu ya 120,000 kwa mwezi duka linabakiza kama 328,000, kwaiyo wewe chukua 250,000, hata ukiigawa kila siku itakuwa kama elfu 8, na inayobaki iende kwenye mzigo. Ukichukua unga rafuni, uandike kwa bei ya kununulia na ukatwe kwenye hiyo hiyo. Najua haitoshi nyumbani, ila hiyo ni kazi ya kuongeza mauzo au ya baba watoto kuongeza chake, droo haiwezi. Hela ya fremu itenge kila mwezi kwenye laini tofauti, elfu 4 kwa siku, usisubiri mwenye nyumba abishe hodi.

Kila mwisho wa mwezi hesabu mzigo. Chukua mzigo ulioanza nao mwezi, jumlisha ulionunua, toa uliobaki, vyote kwa bei ya kununulia, unapata gharama ya vitu vilivyouzwa. Mauzo toa hiyo gharama ndo faida ghafi ya kweli, na hapo hutohitaji asilimia zangu. Ikishuka ghafla wakati bei hazijabadilika, hapo sasa ndo uanze kumuangalia mtu.

Leseni na kodi ya TRA umesema mumeo alilipa mfukoni kwake kwaiyo sijaziingiza, lakini ni gharama za duka hizo, mrudishie hata kwenye daftari. Na risiti za manunuzi usitupe. Mfanyabiashara mdogo wa saizi yako kodi yake inaangalia mauzo sio faida, kwaiyo usipokuwa na kumbukumbu utaanza kubishana na makadirio ya mtu mwingine.

Mikopo funga kwa wiki mbili, dai kwanza hizo 380,000. Kijana mpe daftari na kalamu aandike kila kinachotoka, na wewe ukichukua kitu akuandike mbele yako.