Chora Mahali Kazi Inaposubiri: Ushauri kwa Waandaaji wa Mifumo

Mchoro wa mchakato unaoanza na ombi na kuishia na malipo bila kusimama popote haumsaidii mtu anayekwenda kuandika programu. Hatua zenyewe kila mtu ofisini anazijua na anaweza kuzitaja kwa mdomo. Kinachoukwamisha mfumo baada ya kuzinduliwa ni yale yanayotokea katikati ya hatua: muda ambao jalada linamsubiri mtu, jibu ambalo halijafika, mdhamini aliyekataa wakati mwenzake amekwisha kubali. Kwa uzoefu wangu wa kuchambua mahitaji ya mifumo ya vyama vya akiba na mikopo, ninashikilia kwamba kazi kubwa ya lugha ya michoro ni kuyaweka hadharani hayo yanayosubiri na yanayokwama kabla mstari wa kwanza wa programu haujaandikwa.

Lugha ninayoizungumzia ni BPMN (Business Process Model and Notation), yaani seti ya alama za kuchorea michakato ya kazi. Kuchora hatua za kazi si jambo jipya, kwani Frank na Lillian Gilbreth waliwasilisha chati zao za mchakato mbele ya chama cha wahandisi mitambo cha Marekani mwaka 1921, na wengi wetu tulifundishwa chati mtiririko darasani kabla ya kuona kitu kingine. BPMN yenyewe ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004, baadaye ikaingia chini ya OMG (Object Management Group), shirika linalosimamia pia UML, lugha ya kuchora miundo ya programu. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2011, na mwaka 2013 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19510. Kitabu cha kanuni zake kina zaidi ya kurasa 500, lakini anayeanza asitishike, kwa sababu duara la tukio, mstatili wa kazi wenye pembe za mviringo, almasi ya njia panda na aina mbili za mishale vinatosha kubeba sehemu kubwa ya kazi za ofisi.

Nichukue mfano wa mkopo wa SACCOS ya watumishi. Mwanachama anajaza fomu, wadhamini wawili wanasaini, afisa mikopo anahakiki akiba na hati ya mshahara, kamati ya mikopo inakaa na kuidhinisha, kisha mhasibu analipa. Ukiwauliza viongozi, hivyo ndivyo watakavyokueleza, na hawasemi uongo. Lakini nenda ukakae kwenye meza ya mhasibu. Katika chama kimoja niliona kauntabuku lenye jalada gumu, lililopigwa mistari kwa rula: tarehe ya kikao, namba ya mwanachama, kiasi, na safu ya mwisho isiyo na kichwa, yenye alama za vema za kalamu nyekundu. Nilipouliza, nikaelezwa kwamba hao ni wanachama ambao mikopo yao imekwisha kuidhinishwa ila fedha hazijatosha, na vema huwekwa pale makato ya mishahara yanapoingia na mtu akalipwa. Kauntabuku hilo halikutajwa katika kikao chochote wala katika hati ya mahitaji, ingawa ndipo mahali ambapo mkopo ulikuwa ukikaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Katika BPMN, kauntabuku hilo linakuwa duara la mistari miwili kati ya kazi ya kuidhinisha na kazi ya kulipa, yaani tukio la katikati linalongoja sharti litimie, na sharti lenyewe ni kwamba fedha zinatosha. Ukishaliweka duara hilo mbele ya watu, maswali yanakuja yenyewe. Nani anatangulia kulipwa: aliyeidhinishwa mapema, au mwenye mkopo wa dharura? Idhini ya kamati ina ukomo, au inaweza kukaa miezi? Mwanachama anaruhusiwa kujitoa akiwa bado anasubiri, na wadhamini wake je? Kila jibu hapo ni safu katika kanzidata, au ni kanuni ambayo mwandaaji programu asipopewa atalazimika kuibuni yeye. Ndiyo maana ninashauri kwamba, mbali na mwongozo wa taratibu, mchambuzi aombe kuonyeshwa madaftari, trei za majalada, na hata makundi ya WhatsApp ambamo kazi inasukumwa. Huko ndiko mchakato halisi unakoishi.

Jambo la pili linahusu mipaka. BPMN humpa kila mhusika anayejitegemea sanduku lake refu, na ndani ya sanduku la taasisi kunakuwa na safu kwa kila jukumu: afisa mikopo, kamati, mhasibu. Mshale wa mstari usiokatika, unaoonyesha mfululizo wa kazi, hauruhusiwi kuvuka kutoka sanduku moja kwenda lingine. Kinachovuka ni ujumbe, unaochorwa kwa mstari wa vipande. Wengi huiona kanuni hii kuwa urasimu wa wachora michoro, nami naiona kuwa ndiyo yenye busara kuliko zote, kwa sababu chama hakiwezi kumwamuru mwanachama alete hati ya mshahara, wala hakiwezi kuiamuru kampuni ya simu ijibu. Kinaweza kutuma ujumbe na kungoja. Kila mshale wa vipande unamwambia mwandaaji programu kwamba hapa pana upande ambao hana mamlaka nao, kwa hiyo lazima aandike pia nini kitafanyika jibu lisipokuja. Safu nazo zipewe majina ya majukumu, si ya watu, hata katika chama kidogo ambako mtu mmoja anakaimu nafasi mbili, maana udhibiti unataka anayeidhinisha asiwe ndiye anayelipa, na mchoro ukizichanganya safu hizo, mfumo nao utachanganya ruhusa.

Sasa tuje kwenye almasi, ambako ndiko makosa ya gharama kubwa yanakojificha. Almasi yenye alama ya X ina maana kwamba njia moja tu ndiyo itakayofuatwa. Yenye alama ya kujumlisha ina maana kwamba njia zote zinaanza kwa pamoja, na ikiwekwa mahali njia zinapokutana, kazi haisogei mpaka zote zifike. Chapisha mchoro, uweke mezani, utumie kete za bao. Kete moja inaanzia kwenye duara la mwanzo. Ikifika kwenye alama ya kujumlisha inagawanyika kuwa mbili, moja kwa kila mdhamini. Mdhamini wa kwanza amekubali, kete yake imefika kwenye makutano na inangoja. Wa pili amekataa, na mshale wa kukataa unairudisha kete yake kwa mwanachama atafute mdhamini mwingine. Asipompata? Kete ya kwanza itakaa pale milele, na katika mfumo hilo litakuwa ombi linaloonekana "linashughulikiwa" mwaka mzima. Geuza kosa upande wa pili: njia zimegawanywa kwa alama ya kujumlisha, lakini zimekutanishwa kwa alama ya X, ambayo haimngoji mtu. Kila kete itapita kwa wakati wake, na kazi inayofuata itafanyika mara mbili. Kama kazi inayofuata ni "Lipa mkopo", chama kimelipa mara mbili, na hakuna aliyekosea kubonyeza kitufe. Mkurugenzi ambaye hajawahi kuandika programu anaweza kuliona kosa hilo kwa kusogeza kete kwa mkono wake, jambo ambalo haliwezekani akipewa hati ya mahitaji ya kurasa mia.

Kuna kosa jingine dogo la almasi linalorudiwa sana: kuipa almasi kazi ya kufanya. Almasi haihakiki chochote, inaelekeza tu. Uhakiki ufanyike katika mstatili unaotangulia, ulioandikwa kwa kitenzi na kitu chake, kama "Hakiki akiba ya mwanachama", halafu almasi iulize, "Akiba inatosha?" na mishale yake ibebe majibu. Na pale masharti yanapokuwa mengi, kwa mfano mkopo usizidi mara tatu ya akiba, makato yaache walau theluthi moja ya mshahara, mkopo wa nyuma uwe umerejeshwa kwa kiasi fulani, usiyageuze kuwa msitu wa almasi. Yaweke katika jedwali la maamuzi na mchoro uliite jedwali hilo kwa kazi moja. OMG ilitoa lugha ya kando kwa ajili hiyo, DMN (Decision Model and Notation), mwaka 2015. Masharti hubadilika katika kila mkutano mkuu, ilhali mpangilio wa kazi hudumu kwa miaka.

Malipo kwa simu yanastahili kuchorwa kwa uangalifu wa pekee. Mfumo unatuma ombi la kumlipa mwanachama, kisha unangoja jibu kutoka kwa mtandao wa simu. Kwa kawaida jibu huja haraka, lakini siku likichelewa ndipo mfumo usioandaliwa unapotuma ombi la pili. BPMN ina njia panda ya matukio, ambayo hufuata lolote litakalotangulia kutokea: ujumbe ukifika, mchakato unaendelea kwenye kurekodi, saa ikiisha kabla ya ujumbe, unakwenda njia nyingine, na njia hiyo isiwe ya kulipa tena, bali ya kuuliza hali ya muamala kwa namba yake ya kumbukumbu. Ni tofauti ya mstatili mmoja kwenye karatasi.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Anza na ukuta na karatasi za kubandika pamoja na wanaofanya kazi yenyewe, kisha hamishia kwenye programu ya kuchorea kama bpmn.io, Camunda Modeler au Bizagi. Faili la BPMN ni XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama, kwa hiyo litunzwe kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili, pamoja na programu, na kila badiliko la sera libadilishe vyote viwili. Si kila kitu kichorwe hivi: skrini ya kusajili wanachama haihitaji mchoro wa mchakato, na muundo wa data una michoro yake.

Mchoro ukishakubaliwa, mpe mjaribu wa mfumo kabla hata programu haijakamilika. Kila njia kutoka duara la mwanzo hadi duara la mwisho ni jaribio moja, na ninashauri aanze na zile njia za pembeni: mdhamini amekataa na hakupatikana mwingine, mwanachama amejitoa akiwa kwenye foleni ya kulipwa, saa imeisha na mtandao hauna jibu. Kisha ajaribu jibu la mtandao linalofika baada ya saa kuisha, wakati mfumo umekwisha kuanza kuuliza hali ya muamala. Ikiwa mchoro hauna mahali pa kuupokea ujumbe huo, mchambuzi arudishiwe mchoro apaongeze mahali hapo, na mwandaaji programu asubiri.