Anza na ufagio wa darasani

Mwalimu mwenzangu wa Lamu, umeuliza utafundishaje haki ya kijamii gredi ya nane bila wazazi kusema unaingiza siasa. Nafundisha Malindi, na swali lako limenigusa.

Katiba iache kwanza, anza na ufagio. Niliwapa wanafunzi wangu daftari moja waandike wiki nzima: nani kafagia, nani kateka maji, nani nimemuuliza swali. Ijumaa tukahesabu. Wasichana ndio waliofagia karibu kila siku, na watoto wa safu ya nyuma sikuwa nimewauliza hata mara moja. Niliona haya, nikawaambia hivyo, tukapanga zamu upya pamoja. Hapo Ibara ya 27, ile ya usawa, iliwaingia bila kukaririshwa.

Halafu njoo kwenye ya kwenu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu hapa Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari. Waulize: mama anayekaanga samaki naye ahesabiwe? Waache wabishane, na mtoto anayeitetea bandari asikilizwe vile vile, huenda babake anapata riziki pale. Ukiwatangulizia jibu lako, hiyo ndiyo siasa wanayoiogopa wazazi.

Mwalimu mkuu mwonyeshe mpango wa somo mapema. Kisha mwalike mzee mmoja mvuvi aje na wavu wake, awaeleze alikokuwa akiutega.