Jina la pochi si mwenye pochi

Wiki hii barua nyingi zimekuja kuhusu lakabu za pochi, yale majina mepesi yanayowekwa badala ya anwani ndefu za sarafu za kidijitali. Pochi ni programu ya kuwekea na kutumia sarafu hizo, na majina yanayoishia .eth ni ya mtandao wa sarafu uitwao Ethereum. Nimechagua hizi.

Kaka yangu yuko Muscat. Kanitumia sarafu kwa jina langu linaloishia .eth, akakosa herufi moja, zikaenda kwa mtu mwengine. Nizirudishe vipi? (Wete)

Hazirudi, ndugu yangu, ila aliyezipokea atake mwenyewe. Na usidhani ni bahati mbaya tu. Wapo wanaonunua makusudi majina yanayokaribiana na ya wenzao, wakakaa kusubiri vidole viteleze.

Tofauti yake nini na kutuma pesa kwa simu? Kule nako jina linatokea. (Mkoani)

Tofauti ni kubwa mno, na hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Unapotuma kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri, kampuni inakuonesha jina lililosajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole. Jina hilo mpokeaji hakujichagulia. Jina la .eth amelichagua aliyelinunua, hakuulizwa kitambulisho, na likiwa na herufi tano au zaidi kalilipia dola 5 tu kwa mwaka. Akitaka jina la duka lako na halijachukuliwa, ni lake. Sisi tumezoea kuona jina moyo ukatulia, kisha tukaihamishia tabia hiyo pahala ambapo jina halishuhudii chochote. Iacheni.

Jina nimeliangalia herufi kwa herufi, lilikuwa sawasawa, na pesa zimepotea. Imekuwaje? (Chake Chake)

Hii ni mara ya nne najibu swali hili, na kila mara nasema: usiliamini jicho. Majuzi nilikaa barazani Mkunazini na kijana anayeuza viungo. Nikamwandikia jina la duka lake mara mbili kwenye simu yake. La kwanza kwa herufi zetu za kawaida, la pili nikaiondoa "a" moja nikaweka "а" ya Kirusi. Akaisogeza simu mpaka puani, akampa na mdogo wake. Hakuna aliyeona kitu. Nikamwambia alitafute jina la kwanza katika maandishi yale yale. Simu ikalikamata moja, la pili ikaliruka.

Tuliosoma chuoni tunajua be na te za Kiarabu hutenganishwa na nukta tu, lakini angalau nukta inaonekana. Hapa hamna hata nukta. Baadhi ya programu za pochi huonya zikikuta herufi zimechanganywa, si zote. Kwa hiyo jina lililokuja kwa ujumbe usilinakili. Mpigie mwenyewe, akusomee anwani kamili.

Nina nyumba ya wageni Jambiani. Niliandike jina langu la pochi ukutani, wageni walipie? (Jambiani)

Mimi nisingeliandika. Anayelijua jina anaipata anwani, na anayeipata anwani anaona salio lako na kila muamala ulioingia na kutoka, tangu siku ya kwanza. Nani huweka daftari la mauzo mlangoni? Isitoshe, jina la .eth ni la kukodi. Muda ukiisha unapewa siku 90 za kulilipia, zikipita mwengine anaweza kulichukua, na kibao chako ukutani kitaendelea kumpelekea yeye wageni wako. Ukishikilia, basi weka pochi ya peke yake kwa biashara, na tarehe ya kulipia iandike kwenye kalenda ya ukutani.

Na yale majina yanayotegemea tovuti ya mtu, kama OpenAlias ya watu wa sarafu ya Monero? (Mjini)

Naelewa kwa nini wameyataka, anwani ya Monero ina herufi 95. Lakini jina lako hapo lina usalama ule ule wa tovuti yako. Nenosiri la tovuti analo nani? Wengi mtajibu: fundi. Basi fundi, au aliyemwibia fundi, anabadilisha anwani usiku na wewe asubuhi unaona jina ni lile lile. Aprili 2018 wezi waliiteka njia ambayo intaneti huyatafutia majina ya tovuti kwa muda wa kama saa mbili, wateja wa MyEtherWallet, pochi ya kwenye tovuti, wakapelekwa kwenye tovuti bandia, zikaibwa dola zipatazo 150,000. Kivinjari kiliwaonya, walioibiwa wakabonyeza wakaendelea. Tena nakuombeni, onyo likitokea, funga.

Nikikagua herufi nne za mwanzo na nne za mwisho za anwani, inatosha? (Wete)

Haitoshi. Wezi hutengeneza anwani yenye mwanzo na mwisho kama ya rafiki yako, wakakutumia kitu kidogo ili ikae kwenye orodha yako ya miamala, kesho uinakili mwenyewe. Mei 2024 mtu mmoja alituma hivyo sarafu 1,155 za WBTC, yaani bitcoin zinazowakilishwa kwenye mtandao wa Ethereum, kiasi cha dola milioni 68. Mwizi baadaye alirudisha sehemu kubwa. Wako hatarudisha. Soma na za katikati.

Nikiibiwa niende benki? (Mkoani)

Hapana. Benki Kuu ilishatahadharisha mwaka 2019 kwamba hizi si fedha halali nchini. Nenda polisi, uchukue na namba ya muamala.