Chuo cha jamii Marekani: je, masomo yangu yatahesabiwa nikihamia chuo kikuu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, PCM, hapa Mwanza, na nimepokelewa chuo cha jamii huko California. Nataka digrii ya uhandisi wa umeme. Mjomba, ambaye ndiye mdhamini wangu, anasema hivyo ni vyuo vya ufundi na nitarudi na cheti tu. Je, nikihamia chuo kikuu masomo hayo yatahesabiwa?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Mjomba usimlaumu, kwa jina hilo, hata mtu mwingine angedhani unaenda kusomea maendeleo ya jamii. Ufundi upo kweli, lakini vyuo hivyo hivyo hufundisha pia miaka miwili ya mwanzo ya digrii. Kila somo lina krediti, yaani alama za kupima uzito wake; ukikamilisha krediti 60 zinazotakiwa, unaweza kuomba kuingia chuo kikuu mwaka wa tatu.

Sasa, kuhesabiwa. Krediti kupokelewa ni jambo moja, kuhesabika kwenye digrii yako ni jingine, na hapo ndipo wengi huumia. Kwenye ratiba utakuta fizikia mbili: moja ya aljebra na trigonometria, inayochukuliwa sana na wanaoelekea mambo ya afya, na nyingine ya kalkulasi. Zote zitaonekana kwenye transkripti, yaani hati yako ya matokeo. Uhandisi unataka ya kalkulasi. Kuna kijana alichukua ile nyepesi kwa sababu vipindi vyake vilikuwa asubuhi, maana jioni alikuwa kazini maktaba ya chuo. Alipohama akaanza fizikia upya, kwa dola.

Kwa hiyo kabla hujajiandikisha somo lolote, fungua tovuti ya assist.org. Teua chuo chako, chuo kikuu unachokitaka, kisha fani. Kushoto utaona masomo ya chuo kikuu, kulia yale ya chuoni kwako yanayolingana nayo. Ukikuta kulia pameandikwa kuwa hakuna linalolingana, hilo utalisomea chuo kingine cha jamii au ukishahama. Kwa uhandisi mapengo ya aina hiyo si machache. Chapisha ukurasa huo, nenda nao kwa mshauri wa masomo.

Chuo Kikuu cha California kina mpango uitwao TAG: kampasi za Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz huahidi nafasi kwa anayetimiza masharti. Unachagua moja tu, na maombi hutumwa Septemba ya mwaka unaotangulia kuhama. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Angalia fani yako kampasi kwa kampasi, maana uhandisi kwingine masharti yake ni makali, kwingine haumo kabisa.

Viza ya mwanafunzi, F-1, inakutaka uwe na krediti zisizopungua 12 kila muhula, na kati ya hizo somo la mtandaoni ni moja tu. Kazi ni ndani ya chuo, zisizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Siku ya kuhama, hakikisha rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, imehamishwa pia.

La mwisho ni la mjomba. Nafuu ya ada ni ya miaka miwili ya kwanza tu. Ukiingia Chuo Kikuu cha California, juu ya ada ya kawaida asiye mkazi wa California huongezewa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Hilo likalieni kikao nyumbani kabla hamjalipa ile ada ya SEVIS, dola 350.