Faida ya sola haiko tena kwenye paneli

Kijana mmoja wa Newala ameniandikia baada ya kulipwa korosho. Ana milioni mbili na nusu, na anauliza: afungue uwakala wa fedha za simu au auze sola? Anataka jibu fupi. Mdogo wangu, jibu ni refu kidogo, na wenye mtaji kama wako walisome kabla hawajalipia fremu.

Mchumi Carlota Perez, mzaliwa wa Venezuela, amechambua mageuzi makubwa ya teknolojia tangu mapinduzi ya viwanda. Anaonyesha kwamba fedha hukimbilia kwanza kitu kipya, bei za hisa zinavimba, zinapasuka, na baada ya hapo ndipo kitu chenyewe kinaenea kwa watu wa kawaida. Uingereza katikati ya miaka ya 1840, kila mwenye akiba alitaka hisa za reli. Kufikia 1847 wengi walikuwa wanalia. Reli zenyewe hazikung'olewa, na mwaka 1848 W. H. Smith akafungua kibanda cha magazeti na vitabu katika stesheni ya Euston, London. Hakutandika reli hata futi moja. Aliona abiria wanakaa saa nzima hawana la kufanya.

Hapa kwetu kelele tumezizoea. Gesi iliposikika, watu wa Mtwara mjini walipandisha kodi za nyumba wakisubiri wageni. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, na wageni wengi wakaondoka pamoja na kazi ya ujenzi. Lindi nako mradi wa kusindika gesi wa Likong'o bado unasubiriwa. Wanaoweka fedha mahali penye matarajio tu wawe na za kusubiria, na wewe huna.

Tuje kwenye uwakala. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na mawakala wa mwanzo walipata wateja wa kijiji kizima. Leo kijiji hichohicho kina mawakala kila kona, wote wanagawana kamisheni ileile. Bado kazi ipo, ila ijue ilivyo. Malipo ya minada ya korosho yakitoka, kila mtu anakuja kutoa. Hapo kinachokwisha ni keshi. Floti, yaani salio lako la uwakala, inajaa kwenye simu na wateja wanarudi mikono mitupu. Januari, karo za shule zikianza, mambo yanageuka: watu wanaweka na kutuma, keshi inarundikana, floti inakauka. Ukiwa mbali na benki au wakala mkuu, nauli ya bodaboda ya kwenda kubadilisha inakula kamisheni yako ya siku. Kwa hiyo kama fremu yako haiko karibu na benki, uwakala uwe kazi ya pembeni.

Sola ndiyo penye maneno. Betri za lithiamu zilizidi dola 1,000 kwa kilowati-saa mwaka 2010. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa karibu dola 115. Paneli nazo zimeshuka hivyohivyo. Muuza sukari akishaanza kuning'iniza paneli dukani, faida ya kuuza paneli imekwisha. Kinachokosekana ni mtu wa kufunga sawasawa na kutengeneza kilichofungwa vibaya. Huo ndio mlango wako.

Anza na hesabu, maana wauzaji wengi hawaifanyi. Nyumba yenye taa nne za wati 5 kwa saa tano inatumia wati-saa 100. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne, 160. Simu tatu, kama 40. Jumla 300. Gawanya kwa saa tano za jua zuri, kisha gawanya tena kwa 0.7 kufidia upotevu wa asilimia 30: unapata wati 86, hivyo paneli ya wati 100 inatosha. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini usiitumie zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Hiyo nusu ni siku mbili bila jua.

Sasa matatizo utakayoitiwa. La kwanza: inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa vifaa vya nyumbani) inapiga kelele, mteja anaapa betri imekufa. Pima kwanza waya. Mzigo wa wati 300 kwenye volti 12 unavuta ampea 25 na zaidi. Waya wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita mbili unapoteza volti 0.7 kwenda na kurudi, kwa hiyo inveta inaona betri iko chini wakati iko sawa. Weka waya wa milimita za mraba 16, usizidi mita moja, na fyuzi karibu na betri. Bila fyuzi, waya ukigusana unaunguza nyumba.

La pili: betri ya lithiamu (ile ya fosfeti ya chuma, seli nne) imewekwa kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli) iliyoachwa kwenye mpangilio wa betri ya maji, yaani ile ya risasi. Kontrola inapandisha hadi volti 15, bodi ya kulinda betri inakata kwenye 14.6 hivi, umeme wa paneli unakosa pa kwenda na kontrola inaweza kuungua. Weka volti 14.2 hadi 14.4 na uzime usawazishaji (equalization).

La tatu: kivuli. Tawi la mkorosho likifunika kona tu ya paneli, umeme unaporomoka, kwa sababu seli zimeunganishwa kwa mfululizo. La nne ni la pwani: Mikindani na Kilwa, chumvi inakula vichwa vya betri. Kaza nati, paka grisi. Na betri ya maji iongezewe maji ya betri yaliyotoneshwa. Ya kisima yanaharibu sahani.

Mtaji wako, basi: nunua kwanza maltimita inayopima ampea za DC, koleo la kubania vichwa vya waya, waya mnene na fyuzi. Bidhaa kubwa agiza Dar es Salaam mteja akishatoa malipo ya awali. Wauzie watu Novemba hadi Januari, minada ikishalipa. Mvua zinapokuja, jua linapungua, betri zinachajiwa nusunusu, na simu za matengenezo zinaanza. Mvua zikikatika, pita kwa kila uliyemfungia: futa paneli, kaza nati, pima betri alfajiri kabla jua halijapanda na kabla taa hazijawashwa. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.7, ikisoma 12.0 au chini kila asubuhi, mwambie mwenye nyumba aongeze paneli au apunguze matumizi, na uandike tarehe na namba hiyo kwenye karatasi unayobandika kando ya betri.